Hedhi imekatika, hamu nayo imekatika: pa kuanzia kwa mama wa Mtwara na Lindi

Huku kwetu Kusini msichana haachwi akue hivi hivi. Anawekwa ndani, anachezwa unyago, kungwi anamwambia yote: kujitunza mwili, kukaa na mume, mpaka mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini mwanamke akifika miaka 50, hedhi ikakatika na hamu ya tendo la ndoa ikaondoka nayo, hakuna anayemfunda. Hana somo wa kumuuliza wala ngoma ya kuchezewa. Anabaki kujisemea kuwa ni uzee, au anasingiziwa na mumewe kwamba ana mtu nje.

Nilikuwa muuguzi mkunga kwa miaka mingi mkoani Mtwara. Ajabu ni kwamba haya mambo nimeyasikia zaidi baada ya kustaafu kuliko nilipovaa sare. Tukikaa ukumbini tunabangua korosho, mikono ina kazi na macho yako chini, ndipo mtu anapata ujasiri. Swali huja kwa sauti ya chini: "Hivi dada, hakuna sindano ya kurudisha?"

Homoni ya kusaidia ipo, ila kwa baadhi ya wanawake tu. Haiwi sindano, na usiifanye mlango wa kwanza kubisha. Wengi niliowasikiliza walipata nafuu kabla hawajafika kwenye homoni ya hamu yenyewe. Fuata mpangilio huu, usiruke.

1. Jua kilichoondoka ni kipi

Tuelewane kwanza kuhusu kukoma hedhi. Umekoma hedhi ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ikikatika kabla ya miaka 40 usikae nyumbani kusubiri, nenda hospitali mapema, hiyo ina uchunguzi wake. Na ukishamaliza huo mwaka mzima kisha ukaona damu tena, hata tone moja kwenye nguo, hilo lina haraka kuliko yote yaliyomo humu. Damu baada ya kukoma hedhi inaweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo ya kizazi. Weka mambo ya hamu pembeni, nenda ukapimwe.

Sasa hamu. Mtu anaposema "sina hamu" huwa anamaanisha moja kati ya mambo matatu, na hayatibiwi kwa namna moja.

Mama mmoja wa Mikindani alinieleza nusu saa nzima kwamba hamu imemwisha, hamtaki mzee, akimsikia anafunga mlango wa uani anajifanya amelala. Nikamuuliza: "Ukishakubali, inakuwaje?" Akanyamaza, akabangua korosho tatu, kisha akasema, "Dada, ni kama napakwa pilipili." Huyo hamu yake ilikuwepo, ila ilikuwa imejificha nyuma ya maumivu. Nani atatamani kitu kinachomchoma?

Wa pili ni yule ambaye mwili hauumi, ila mtu aliye naye ndiye hamtaki. Kuna kipigo, kuna mke mdogo aliyekuja na pesa za korosho, kuna matusi ya miaka 20. Hapo usipoteze pesa kununua homoni. Hakuna jeli ya kupaka inayotibu dharau.

Wa tatu ndiye mwongozo huu unamhusu hasa: haumwi, anampenda mwenzake, lakini lile wazo lenyewe halimjii tena. Haoti, hatamani, akiguswa ni sawa na kuguswa kiwiko.

Jiulize haya ukiwa peke yako. Zamani hamu ilikuwepo na iliniridhisha? Imepungua? Kupungua kwake kunaniumiza mimi, au kunamuumiza mume tu? Ningependa irudi? Madaktari hulihesabu kuwa tatizo la kutibiwa pale hali inapodumu miezi sita au zaidi na inapomsumbua mwanamke mwenyewe. Kama hamu imeondoka na wewe una amani yako, huna ugonjwa. Usikubali kusukumwa hospitali na mtu anayetaka utibiwe kwa faida yake.

2. Pekua dawa unazomeza

Mwaga dawa zako zote mezani. Kuna dawa za presha zinazoweza kupunguza hamu, kama atenololi na propranololi. Dawa za sonona na wasiwasi kama fluoksetini na sertralini zinajulikana sana kwa hilo, tena huchelewesha au kuzuia kufika kileleni. Usiache hata moja kwa uamuzi wako; presha ikipanda ukaanguka, habari ya hamu imekwisha. Andika majina yake, au chukua maboksi yenyewe, uende nayo kwa daktari aone kama kuna ya kubadilisha.

Maradhi nayo hula hamu: kisukari, upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona. Kizazi kilichoshuka, ambacho wanawake wengi waliozaa mara nyingi hukificha ndani ya khanga, nacho humfanya mtu akimbie kitanda kwa aibu. Kukosa usingizi nako. Mwanamke anayeamka mara nne usiku kwa jasho na joto la ghafla hana nguvu ya kitu kingine. Najua utasema joto la Mtwara mwezi wa Desemba linamtoa jasho kila mtu, na ni kweli, lakini la kukoma hedhi utalitambua: linaanzia kifuani, linapanda usoni kama mtu amekufunulia sufuria la wali, linakaa dakika chache linaondoka, na mwenzako aliye pembeni hajahisi chochote.

Halafu mtazame mzee. Wanaume wa umri huo wana presha zao na sukari zao, na wengi nguvu zimepungua, lakini lawama humwangukia mke. Kama yeye ndiye mwenye tatizo, apimwe yeye.

3. Acha kuingiza vitu

Hapa sitabembeleza. Shabu, magadi, sabuni ya kufulia, siki, majani ya kusaga, ugoro na hivyo vidonge vya kubana vinavyouzwa kwa siri: acha vyote. Tulifundwa kwamba ukavu ndiyo usafi na ndiyo ujana, na mwanamke wa miaka 25 mwili wake unaweza kuvumilia kwa muda. Baada ya kukoma hedhi estrojeni, homoni ya kike, imeshuka, ngozi ya uke imekuwa nyembamba, unyevu umepungua na kinga ya asili ya pale imepungua nayo. Ukikausha kilichokwisha kauka unapasua. Ndiyo maana unachomwa na mkojo, ndiyo maana unatibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kila mwezi na haiishi. Na michubuko hiyo ni njia rahisi ya maambukizi, virusi vya UKIMWI vikiwemo. Safisha kwa maji tu, kwa nje.

Unga usio na jina nao usiuguse. Mkuyati, vumbi la Kongo na ndugu zake vinauzwa zaidi kwa wanaume, lakini siku hizi nawaona akina mama nao wananunua. Kitu kisicho na jina la kilichomo, kiasi chake wala namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa nchini, huwezi kujua umemeza nini, hasa ukiwa na dawa za presha.

4. Tibu ukavu kabla ya kutibu hamu

Anza na kilainishi cha maji kutoka famasi, kile kinachotumiwa hata kwenye vipimo vya hospitali. Kinapakwa wakati wa tendo, kwa wote wawili, na hakiharibu kondomu. Mafuta ya nazi, ambayo kila nyumba ya pwani inayo, yanasaidia pia, ila hayapatani na kondomu za mpira: yanazilegeza zinapasuka. Kama mnatumia kondomu, nazi ibaki jikoni. Kuna pia vilowanishi vya kupaka mara mbili tatu kwa wiki bila kungoja tendo, vya kurudisha unyevu.

Hayo yasipokutosha, dawa ya kuomba ni estrojeni ya ukeni, ya krimu au kidonge kidogo cha kuingiza. Hiyo ni homoni, lakini ni ya pale pale. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Kwa kawaida hutumika kila usiku kwa wiki mbili za mwanzo, kisha mara mbili kwa wiki, na huendelea, maana ukiiacha ukavu hurudi. Usitegemee muujiza siku ya tatu. Ngozi hujengeka taratibu, wengine wiki chache, wengine mpaka miezi mitatu. Pia hupunguza UTI za kujirudia. Itie wakati wa kulala, si kabla ya tendo. Hicho si kilainishi, na mume hana haja ya kupakwa estrojeni. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti asiianze bila daktari wake wa saratani kukubali.

Soma kwenye boksi inahifadhiwa katika joto gani. Krimu iliyoachwa dirishani kwenye nyumba ya bati mchana wa jua kali haifiki jioni ikiwa krimu. Mimi yangu naiweka kwenye kikopo kando ya mtungi wa maji, ndani, pasipofika jua.

Mama wa Mikindani aliishia hatua hii. Alipata krimu, akakaa nayo miezi miwili, siku moja akapita kwangu na mhogo wa kuchoma, hakusema kitu, akacheka tu.

5. Namna ya kulisema hospitali

Hapa ndipo wengi wanarudi nyuma. Unaingia chumbani unamkuta daktari kijana, rika la mwanao wa mwisho. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Na ukishaitwa mama, ulimi unakuwa mzito, unasema kiuno kinauma, unaandikiwa dawa ya maumivu, unarudi Tandahimba.

Andaa sentensi yako nyumbani, uikariri kama unavyokariri namba ya simu: "Daktari, hedhi yangu imekatika mwaka fulani. Hamu ya tendo la ndoa imeniisha tangu wakati fulani, na inaniumiza. Naomba tutafute chanzo." Basi, hujatukana. Ukiona vigumu, iandike kwenye karatasi umpe asome. Una haki pia ya kuomba uongee na muuguzi au daktari wa kike, na kuomba mlango ufungwe.

Kwenye zahanati au kituo cha afya wanaweza kukupima presha, sukari, wingi wa damu na mkojo, na hayo yafanyike huko huko kwanza. Kwa homoni utahitaji daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Mtwara mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Wa Masasi na Newala wana Ndanda. Lindi kuna Sokoine, na Nyangao kwa watu wa Mtama na jirani zake. Kambi za madaktari bingwa zikipita hospitali ya wilaya yako, usizione kuwa ni za wenye uvimbe na ngiri tu. Omba barua ya rufaa, na kama una bima uliza kabla ni vipimo na dawa zipi inalipia.

Nenda na vitu vitatu: orodha ya dawa, tarehe ya hedhi ya mwisho, na kama uliwahi kupasuliwa tumbo la uzazi, karatasi ya kuruhusiwa. Hiyo karatasi ina maana kubwa. Wapo wanawake wanaosema "nilitolewa kizazi" na hawajui kama ovari (vifuko vya mayai) zilibaki au ziliondoka. Zikiondolewa zote mbili, homoni hushuka kwa siku chache badala ya miaka, testosteroni, homoni inayochangia hamu, ikipungua karibu nusu, na hamu inaweza kufuata. Tumia nafasi hiyo hiyo kuomba uchunguzi wa matiti na wa shingo ya kizazi.

6. Homoni zenyewe: ipi hufanya nini

Estrojeni ya mwili mzima, iwe kidonge, jeli au plasta ya ngozi, kazi yake kubwa ni joto la ghafla, jasho la usiku na kulinda mifupa. Kwa hamu husaidia kwa njia ya kuzunguka: unalala, hasira zinapungua, ukavu unapungua. Kwa wengi hiyo inatosha. Mwenye kizazi lazima apewe na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na kuweza kuleta saratani. Kama hukutolewa kizazi na ukapewa estrojeni tupu, uliza.

Hofu ya saratani ya matiti ilienea dunia nzima baada ya utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002. Uliona kwamba kwa waliotumia estrojeni na projestini (projesteroni ya kutengenezwa) pamoja, kulikuwa na wagonjwa 8 zaidi wa saratani ya matiti katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Tangu hapo imeeleweka kwamba anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikatike, hesabu yake ya faida na hatari ni nzuri zaidi. Hatari ni ndogo, lakini ipo, na si ya kufichwa. Asiyefaa kuanza ni mwenye saratani ya matiti, mwenye damu isiyojulikana chanzo, aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni, kiharusi au mshtuko wa moyo, na mwenye ini bovu. Kwa mwenye wasiwasi wa damu kuganda, ya kupaka au plasta ina hatari ndogo kuliko kidonge. Kidonge kina kasoro nyingine pia: hufanya ini litoe protini inayoifunga testosteroni kwenye damu, hivyo kinaweza kuipunguza hamu zaidi. Kuna mwanamke atapata nafuu kwa kubadilishiwa tu kidonge kuwa jeli.

Na vidonge vya majira si tiba hii. Nimeona mtu wa miaka 53, mwenye presha, anameza vya bintiye "ili nirudi ujana". Estrojeni iliyomo ni ya nguvu kubwa kwa umri huo na inaweza kugandisha damu. Acha.

Sasa testosteroni. Tumezoea kuiita homoni ya kiume, lakini ovari zetu na tezi zilizo juu ya figo zinaitengeneza maisha yote. Haianguki ghafla hedhi inapokatika. Hushuka polepole tangu miaka ya 20, na ukifika miaka ya 40 imeshapungua kama nusu. Mwaka 2019 vyama vya kitabibu vya nchi mbalimbali vilitoa tamko la pamoja: sababu pekee yenye ushahidi wa kumpa mwanamke testosteroni ni hamu iliyopungua na kumsumbua baada ya kukoma hedhi. Hawakuipitisha kwa uchovu, kwa kunenepa wala kwa kumbukumbu.

Inasaidia kiasi gani? Majaribio 36 yenye washiriki zaidi ya 8,000 yalipojumlishwa mwaka huo, faida ilikuwa karibu tendo moja zaidi la kuridhisha kwa mwezi kuliko waliopewa dawa ya bandia (isiyo na homoni ndani, ya kulinganishia tu), pamoja na hamu kuongezeka na unyonge kupungua. Wengine watasema, moja tu? Kwa aliyekaa miaka mitatu bila hata moja, moja ni kitu. Lakini anayekuahidi utarudi kuwa bibi harusi anakuuzia. Na wale wa dawa ya bandia nao walipata nafuu kiasi, labda kwa sababu kusikilizwa na kuzungumza na mume nako kuna kazi yake.

Tatizo ni upatikanaji. Testosteroni iliyotengenezwa mahsusi kwa wanawake ni adimu duniani. Plasta iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2006 iliondolewa sokoni mwaka 2012 kwa sababu za kibiashara. Australia iliidhinisha krimu ya asilimia 1 mwaka 2020. Kwingi kwingine madaktari hutumia jeli ya wanaume kwa kipimo kidogo, kama sehemu moja ya kumi. Usitegemee kuikuta kila famasi. Piga simu kabla ya kupanda basi, na kama italetwa kutoka Dar es Salaam, hakikisha inapitia famasi yenye mfamasia, si begi la mtu.

Sindano usikubali. Mwenzetu mmoja alichomwa sindano ya wanaume kwenye duka la dawa, na mtu aliyemwambia "hii ndiyo ya hamu". Sindano hizo hubeba miligramu 250 kwa mkupuo, wakati mwanamke anahitaji kama 5 za kupaka kwa siku, na nyingi kati ya hizo haziingii mwilini. Hamu ilikuja, ndiyo, na ndevu zikaja, na sauti ikashuka. Alikuwa anaongoza kaswida ya akina mama. Ndevu zilipungua alipoacha. Sauti haikurudi. Siku hizi anakaa mstari wa nyuma, anapiga dufu.

Vidonge vya kumeza vya testosteroni navyo havifai, vinaharibu mafuta ya damu. Vile vinavyopandikizwa chini ya ngozi huweza kupandisha kiwango kupita kiasi, na kikishapandishwa hakishushwi kwa urahisi. Vidonge vya DHEA (homoni ambayo mwili huweza kuigeuza kuwa testosteroni) vinavyouzwa mtandaoni havijaonyesha kusaidia hamu kwa wanawake waliokoma hedhi. Kuna dawa nyingine, tiboloni, inayosaidia baadhi kwa dalili na hamu kwa pamoja, lakini huongeza hatari ya kiharusi kwa wenye umri mkubwa na haifai kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti.

7. Ukiandikiwa jeli: namna ya kuipaka

Kabla ya kuanza, daktari atapima testosteroni kwenye damu. Kipimo hicho hakisemi kama una tatizo la hamu au huna, wapo wenye kiwango cha chini na hamu tele. Kazi yake ni kuhakikisha hukuwa juu tangu mwanzo. Kitarudiwa baada ya wiki 3 hadi 6, halafu kila miezi 6. Uliza kama sampuli inapimwa hapo hapo au inasafirishwa, ili usikae benchi siku nzima.

Kipimo atakupa daktari, usikibuni. Nakupa mfano wa hesabu tu: kifuko cha jeli chenye miligramu 50 ni cha mwanamume kwa siku moja, kwa mwanamke kifuko hicho hicho humaliza siku 10. Kugawa kwa macho ni kazi ngumu. Omba famasi bomba la mililita 1 lisilo na sindano, uvute kiasi ulichoambiwa, ukunje mdomo wa kifuko, ukibane kwa kibanio cha nguo na kukiweka ndani ya mfuko wa plastiki. Andika juu yake tarehe uliyofungua.

Paka sehemu ya nje ya paja au makalioni, ngozi ikiwa safi na kavu, ukibadilisha upande kila siku. Usipake matiti, usipake sehemu za siri. Nawa mikono kwa sabuni. Acha ikauke ndipo uvae, na ukae saa mbili tatu kabla ya kuoga. Jeli hizi zina spiriti, kwa hiyo usipake ukiwa jikoni mbele ya jiko la mkaa.

Wajukuu sasa. Nyumba zetu bibi halali peke yake. Mjukuu amelala mkekani, mguu wake juu ya paja la bibi. Testosteroni huhama kutoka ngozi kwenda ngozi, na mtoto mdogo anaweza kuota nywele za utu uzima kabla ya wakati. Paka, ikauke, funika kwa nguo iliyokaza, si khanga inayofunguka usingizini. Mtoto akigusa, mwoshe kwa sabuni.

Tarajia chunusi kidogo au vinyweleo pale unapopaka. Ukiona ndevu, nywele za kichwa kukatika, sauti kukwaruza au kinembe kuvimba, acha siku hiyo hiyo umwone daktari. Usalama wa muda mrefu, zaidi ya miaka miwili, bado haujafanyiwa utafiti wa kutosha, ndiyo maana huwezi kuandikiwa ukasahauliwa.

8. Daftari, na siku ya kuacha

Nunua daftari dogo. Kila Ijumaa andika mambo manne kwa alama ya 0 hadi 10: wazo lilinijia? Nilifurahia? Niliumia? Nilisononeka? Usiandike majina, daftari likiokotwa lionekane kama hesabu za kikoba.

Mabadiliko huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ukifika miezi 6 na alama zako ziko pale pale, dawa haikufai. Usiongeze kipimo, usijaribu ya jirani. Rudi kwa daktari, acha, na mrudi pamoja kwenye hatua ya 1 na ya 2 muone kilichoachwa. Zikiwa zimepanda, utaendelea kwa kipimo kile kile, na kila miezi 6 mtauliza kama bado kuna haja.

Mume aambiwe? Mimi nasema aambiwe, hata kwa ufupi, kwa sababu akigundua mwenyewe atadhani dawa ni ya mwanamume mwingine. Boksi lenyewe limeandikwa kuwa ni la wanaume. Mwambie wakati mzuri, si kitandani.

Jeli iliyobaki usimgawie shoga yako hata akulilie, na usiitupe jalalani, ambako watoto wanaokota kila kinachong'aa. Ifunge uirudishe famasi ulikoinunua.